SOMO: Bustani ya nyuki, kwa heshima ya Anton Janša

Habari zenu wapendwa. Siku ya Nyuki Duniani ni tarehe 20 Mei, na hiyo tarehe haikuokotwa tu, ndiyo siku aliyobatizwa Anton Janša mwaka 1734 kule Breznica, Slovenia ya sasa. Mtoto wa wakulima huyu, akaenda Vienna 1766 kusomea sanaa na kipaji alikuwa nacho, lakini nyuki wakamvuta, mpaka mwaka 1770 Maria Theresa aliyekuwa anatawala Austria akamweka kuwa mwalimu wa ufugaji nyuki. Mi kinachonigusa ni kwamba jamaa alikuwa anakaa na mizinga anaangalia kwa macho yake, ndo maana akaeleza kwamba malkia wa nyuki anapandwa nje, hewani akiwa anaruka, sio ndani ya mzinga. Alifariki 1773 ana miaka 39 tu jamani. Slovenia ndo walioiombea siku hii, Umoja wa Mataifa ukapitisha Desemba 2017.

Sasa kumuenzi si lazima ufuge. Nyuki wetu huku ni wakali, mzinga unataka eneo mbali na nyumba na njia za watu. Ila maua hata mwenye ndoo tatu kibarazani anaweza.

Hatua ya 1: Panda vinavyopokezana maua. Kosa la wengi ni kila kitu kuchanua wakati mmoja alafu miezi inayofuata hakuna kitu. Changanya alizeti, maboga, kivumbasi au mrehani, mlonge kama una nafasi, mlimau mmoja. Na giligilani usiing'oe yote, bakiza mashina kadhaa yatoe vile viua vyeupe, utaona wenyewe wanavyojaa.

Hatua ya 2: Maji. Sahani pana, weka kokoto zitokeze juu ya maji ili wasizame. Badilisha kila baada ya siku mbili, usije ukafuga mbu.

Hatua ya 3: Acha kipande cha udongo mtupu, usisakafie uwanja wote. Kuna nyuki kibao wanaoishi mmoja mmoja na wanachimba chini, hawa hawana asali ila kazi ya maua wanaifanya. Gogo kavu nalo liache, wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao ndo wachavushaji wazuri wa pesheni, yaani wanahamisha unga wa maua ili matunda yatunge.

Hatua ya 4: Sumu. Hapa naomba mnisikilize sana maana hatua zote tatu zinakufa hapa. Mmea ukiwa na maua usipulizie, kabisa. Anza na mkono, toa viwavi, kata jani lililoharibika. Ikishindikana kabisa soma kibandiko kwanza, subiri jioni nyuki wamerudi, na kama ni dawa inayokaa siku nyingi kwenye mmea basi hata hiyo jioni haisaidii, kesho asubuhi wanaikuta palepale.

MASWALI

Swali: Maboga yangu yanaweka vitunda, vikifika kama kidole gumba vinageuka njano vinadondoka, ni ugonjwa?
Jibu: Mara nyingi ni kukosa uchavushaji dada. Ua la boga linafunguka alfajiri, kabla ya mchana limeshajifunga, nyuki asipopita muda huo basi tena. Kesho amka mapema, chuma ua dume, lile lenye kikonyo chembamba bila kitunda chini yake, toa petali upake ule unga wa njano katikati ya ua jike. Huku ukiendelea kuwavuta nyuki.

Swali: Nina watoto wadogo, hawataumwa?
Jibu: Nyuki aliye kwenye ua anatafuta chakula, hana mzinga wa kulinda pale, asipokanyagwa au kushikwa kwa kawaida anaendelea na shughuli zake. Panda mbali kidogo na wanapochezea, wasikimbie peku kwenye maua. Ila ukiona kundi limetua mtini, ondoa watoto, msirushe mawe wala kuwasha moto, ita mfugaji. Na mwenye mzio wa nyuki kwenye familia, huyo aongee na daktari kwanza.

Swali: Mi natumia mwarobaini tu, si wa asili?
Jibu: Wa asili ndiyo kaka, ila nao ni dawa ya wadudu na nyuki ni mdudu. Pulizia majani yaliyoshambuliwa, jioni, maua uyakwepe.