Kuchambua siku kabla ya kulala: jinsi ya kupigana na dhambi moja kwa mwezi mmoja

Pemba, wakati wa msimu, karafuu haziachwi zilale ndani ya polo. Jioni ileile watu hukaa chini wakachambua, karafuu huku, makonyo (vijiti vyake) kule, ili kukicha zianikwe jamvini. Zikilala rundo usiku kucha hupata joto zikavunda, na zikikauka huwa zimepauka. Jua haliwezi tena kuzirudishia rangi. Siku ya Mkristo nayo inataka kuchambuliwa jioni yake. Anayengoja Jumapili hufika kanisani na rundo la siku saba lililoshikana, akaishia kusema "nisamehe yote", na Jumatatu akarudi palepale.

Chagua dhambi moja, uipe jina lake. "Nina udhaifu" si jina. "Nasengenya", "napunja mizani dukani", "naangalia picha chafu usiku", hayo ndiyo majina. Ukishindwa kuchagua, chukua ile ambayo ungeona haya zaidi kuitaja mbele ya kasisi wako. Wanaoanza na dhambi tano hawamalizi wiki.

Tafuta daftari dogo la skuli. Kila usiku tenga dakika 10, ukiwa umepiga magoti au umekaa kitini. Kitandani usiombe sala hii, utalala kabla hujafika adhuhuri ya siku yako. Dakika 2 za kwanza mshukuru Mungu kwa mambo mawili ya leo, uyataje moja moja. Usiziruke. Anayeanzia kwenye makosa huigeuza sala kuwa kesi, na kesi kila mtu huikimbia. Dakika 5 zinazofuata pitia siku kwa vipande: alfajiri hadi adhuhuri, adhuhuri hadi alasiri, alasiri hadi magharibi, kisha usiku. Hapa kwetu Zanzibar adhana za majirani zimeshakugawia siku, zitumie. Dakika 3 za mwisho ungama ulichokiona, omba Zaburi 51:10–12, na useme kesho utafanya nini saa ile ya hatari.

Kazi kubwa imo katika zile dakika 5. Yakobo 1:14–15 inaonyesha kwamba dhambi huanza na tamaa inayovuta, tamaa ikachukua mimba, kisha ikazaa. Basi usitafute mahali ulipoangukia. Rudi nyuma hadi mahali ulipoanza kuteleza. Chukua kusengenya. Umetoka kazini umechoka, saa kumi na moja jioni umekaa barazani na kahawa. Mtu anataja jina la jirani, kisha ananyamaza. Wewe unaguna, "Mm!" Hujasema neno, lakini mguno huo umemfungulia mlango, na dakika tano baadaye wewe ndiye msimulizi. Daftarini usiandike uliyoyasema. Andika: "Baraza, saa 11, uchovu, niliguna." Baada ya siku kumi utaona saa zilezile na watu walewale wakijirudia. Hapo sasa una mahali pa kupigania: jina likitajwa, taja wema mmoja wa mtu huyo, au inuka ukarudishe kikombe.

Wa picha chafu za simu naye atakuta kwamba anguko lake lilianza aliponunua bando la usiku. Simu ilale sebuleni kwenye chaji. Saa ya kukuamshia huihitaji, adhana ya alfajiri haikosi.

Daftari lina hatari mbili. Moja ni kuieleza dhambi kwa urefu hadi maandishi yenyewe yakawa kishawishi. Maneno manne au matano yanatosha. Ya pili ni kuhesabu siku za ushindi. Ukifika siku ya 12 ukaanza kujisifu, kiburi kimeshaingia kwa mlango wa nyuma.

Mchana beba sala fupi. Mstari wa kwanza wa Zaburi ya 70 ndio ambao watawa wa jangwa la Misri waliushika kwa kazi hii zamani sana, na unafaa hata ndani ya daladala iliyojaa. Useme pale kishawishi kinapobisha hodi. Kikishakaa kitako, kukitoa ni kazi.

Kufunga kunasaidia, ila kwa kiasi: Ijumaa moja, mlo mmoja, na thamani ya mlo huo umpe mwenye shida. Joto letu ni kali, kwa hiyo kunywa maji. Mwenye kisukari, vidonda vya tumbo au mimba asifunge chakula, afunge simu. Na usifunge kwa kushindana na jirani anayefunga Ramadhani. Mfungo wa kushindana unalisha nafsi badala ya kuinyima.

Mwisho wa mwezi nenda ukaungame, na daftari likusaidie kusema aina ya makosa na idadi yake bila kuzunguka. Mkatoliki ana kitubio. Waanglikana wa hapa wamerithi ungamo mbele ya kasisi kutoka UMCA, misheni ya Kianglikana iliyotoka Uingereza. Penye makanisa machache kama Pemba, tafuta Mkristo mmoja mwenye kifua, wa jinsia yako, mkutane mara moja kwa wiki kama Yakobo 5:16 inavyoagiza.

Ukianguka katikati ya mwezi, sali ndani ya saa ileile. Wengi hujificha siku tatu "mpaka nitulie", na katika siku hizo tatu huanguka tena na tena, kwa sababu wameshajiona wamepotea. Piga magoti na aibu yako hivyo hivyo, soma Zaburi ya 130, andika saa na mahali, ule chakula chako cha usiku, ulale mapema.