Amplifaya ya mtumba ya Japani: kuichagua, kuipa umeme wake na kuiwasha mara ya kwanza

Amplifaya nyingi za miaka ya 1970 na 1980 unazozikuta Kariakoo, Luthuli Avenue au kwa wauza mtumba wa mitaani ziliuzwa mara ya kwanza Japani kwenyewe. Huko soketi ya ukutani inatoa volti 100. Ya Dar es Salaam inatoa 230, ya Nairobi 240. Chuma kilichodumu miaka 40 kwa mwenyewe Osaka kinaungua hapa kwa sekunde moja kwa sababu mtu alibadilisha plagi tu akachomeka. Nyingine hufa taratibu, miezi sita hadi mwaka, kwa sababu ya transfoma ya kushusha umeme isiyolingana nayo, na lawama zote hubebeshwa uzee.

Kabla ya kwenda dukani beba tochi, multimita, bisibisi ya nyota, na spika moja ndogo ya bei rahisi ambayo hutaililia ikiungua.

1. Soma nyuma kabla ya kuangalia mbele

Uso unaong'aa haukuambii kitu. Geuza amplifaya usome maandishi ya nyuma. "AC 100V 50/60Hz" ni ya Japani ya ndani: mashariki ya nchi hiyo umeme ni hezi 50 na magharibi ni 60, kwa hiyo transfoma yake imetengenezwa kuvumilia zote mbili. Hiyo ni heri kwetu, maana umeme wetu ni hezi 50. "AC 120V 60Hz" peke yake ni ya Marekani, na hapo fikiri mara mbili. Transfoma ya hezi 60 ikipewa hezi 50 kwa volti zilezile, sumaku ndani ya chuma chake inaongezeka kwa asilimia 20; itanguruma na itapata moto hata kama hupigi muziki. Ukishainunua, ipe volti 100 hadi 105, si 120.

Ikiwa na swichi ya kuchagua 110/120/220/240, una bahati: ni ya kuuzwa nje, na hutahitaji transfoma ya pembeni. Iweke kwenye 240, hata kama umeme wa kwako unaitwa 230. Mtaani usiku wa manane volti hupanda, na ukiwa umeiweka 220 halafu ukutani kuna 245, umeizidishia zaidi ya asilimia 11. Fyuzi nayo inabadilika: iliyokuwa ampea 6 kwenye 120 inakuwa ampea 3 kwenye 240.

Za Uingereza ni habari nyingine. Quad 405, iliyotoka mwaka 1975, ikiwa ni ya soko la huko inaingia kwenye soketi zetu moja kwa moja, na saketi yake haina marekebisho ya umeme wa kusubiri (ule unaopita kwenye transista kubwa muziki ukiwa kimya) ya kumsumbua fundi. Kumbuka tu kwamba inaingiza sauti kwa tundu la DIN (la mviringo lenye pini kadhaa), si RCA, na nusu volti tu inaifikisha kwenye wati zake 100. Ukiifunga kwenye kifaa kinachotoa volti 2, volyumu yote itaishia kwenye robo ya kwanza ya kitufe cha kifaa hicho.

2. Ukaguzi wa dukani

Inua kwanza. Amplifaya inayodai wati 100 kila upande huku ikibebeka kwa mkono mmoja kama redio ya jikoni, mashaka. Angalia vichwa vya skrubu za kifuniko: vikiwa vimelika, fundi amepita humo, pengine zaidi ya mmoja. Si sababu ya kukataa, ila ni sababu ya kufungua. Muuzaji asiyekubali kifuniko kifunguliwe, muage.

Ukishafungua, nusa. Transfoma iliyowahi kuungua ina harufu ya vanishi iliyokaangwa ambayo haitoki. Mulika transista kubwa zilizofungwa kwenye bati la kupoza joto: upande wa kushoto na wa kulia ziwe za namba moja na sura moja. Zikitofautiana, upande mmoja ulishakufa ukafufuliwa. Hapo uliza vilikotoka vipuri. Jozi za 2SC5200 na 2SA1943 zenye nembo ya Toshiba ni miongoni mwa transista zinazoghushiwa sana duniani; za bandia hucheza vizuri sauti ikiwa chini, kisha hupasuka siku ya sherehe. IC za STK za Sanyo (saketi nzima ndani ya kipande kimoja) nazo ni hivyohivyo.

Kuna mashine mbili tatu za kuziacha kabisa zikiwa zimekufa, hata zikiuzwa kwa bei ya chuma chakavu: zile zenye V-FET (aina ya pekee ya transista), kama Yamaha B-2 (2SK76 na 2SJ26) na Sony TA-5650 (2SK60 na 2SJ18). Vipuri vyake halisi havitengenezwi tena, na transista ya kawaida haiwezi kukaa mahali pake.

Ikiwa haijaunganishwa na umeme, weka multimita kwenye kipimo cha mlio na uguse miguu ya kolekta na emita ya kila transista kubwa. Ikilia na kusoma karibu na sifuri, na hivyohivyo ukigeuza waya za multimita, imepiga shoti.

Kisha omba iwashwe. Wauzaji hupenda kukuonyesha ngurumo. Wewe omba ukimya. Bila muziki, volyumu chini, weka sikio kwenye spika. Mvumo mzito unaobaki palepale hata volyumu ikiwa sifuri ni dalili ya kapasita kubwa za umeme (vipuri vya umbo la kopo vinavyohifadhi umeme) zilizochoka. Mkwaruzo wa "krr krr" ukizungusha vitufe ni uchafu tu, usiuogope. Upande mmoja unaokatika sauti ikiwa ndogo na kurudi ukiongeza, hiyo ni rilei ya spika (swichi ya ndani inayojiwasha yenyewe kuunga spika) iliyooza mdomo: tatizo dogo, lakini litumie kushusha bei. Iache dakika 20, kisha shika mabati ya kupoza joto. Joto la pande mbili lilingane.

3. Transfoma ya kushusha

Hapa ndipo amplifaya nyingi hufia, kwa hiyo usiharakishe.

Transfoma nyingi za madukani ni za 220 kwenda 110. Hesabu yake ni rahisi: inagawanya kwa mbili. Ukutani kukiwa na 240, inatoa 120. Amplifaya yako inataka 100. Umeizidishia asilimia 20. Ndani yake, reli (njia kuu za umeme) za volti 50 zinakuwa 60, na kapasita zilizoandikwa 56V zinaanza kuvimba. Itacheza, tena kwa nguvu, na utadhani umepata mashine kali. Inajila.

Tafuta ya 230 kwenda 100. Ikikosekana, nenda kwa fundi wa kusuka mota akusukie. Mwambie mambo matatu: 230 kuingia, 100 kutoka, na nyuzi mbili zisizogusana, yaani ya kutenganisha. Za bei rahisi hutumia waya mmoja kwa pande zote mbili. Zinafanya kazi, lakini sehemu ya waya inayotumiwa na pande zote ikikatika, volti 230 zote zinaingia kwenye amplifaya.

Ukubwa usiupime kwa wati za matumizi ya umeme zilizoandikwa nyuma ya amplifaya, kwa sababu kwenye mashine za Japani namba hiyo si ya kilele. Chukua wati za sauti za pande zote mbili uzidishe kwa tatu. Ya wati 80 kila upande: 160 mara 3 ni 480, basi VA 500 (VA ni kipimo cha ukubwa wa transfoma) ni ya chini kabisa. Namba za kwenye makasha ya madukani usiziamini mpaka uinue: transfoma ya "1000VA" yenye uzito wa kilo mbili ni uongo, maana hakuna chuma na shaba za kutosha humo.

Ukishaipata, ipime bila mzigo, mchana na tena usiku sana. Kati ya 98 na 106 ni salama. Kwenye plagi yake ya pini tatu weka fyuzi ya ampea 5 badala ya 13. Usiweke karatasi ya sigara wala uzi wa waya mahali pa fyuzi, popote.

4. Ndani, kabla ya umeme

Kapasita kubwa hushika umeme hata plagi ikiwa imetolewa. Usizipige shoti kwa bisibisi: zinaruka cheche, zinakula miguu na kuchoma transista. Chukua rezista ya ohm 100 ya wati 10, ishike kwa koleo lenye mpira, gusisha ncha mbili za kapasita kwa sekunde 10. Pima, ikisoma chini ya volti 2, endelea.

Tafuta gundi. Viwanda vya Japani vilibandika kapasita kwa gundi ya rangi ya krimu ambayo kwa miaka inageuka kahawia iliyokolea, inaanza kupitisha umeme na kula miguu ya vipuri. Ikwangue yote kwa kijiti cha mti au plastiki, futa kwa spiriti, na ubadilishe kipuri chochote chenye mguu ulioliwa. Kwa Mombasa, Tanga, Dar na Zanzibar ongeza chumvi ya bahari: fungua kila skrubu ya transista za kofia za chuma, futa kutu, rudisha na grisi nyeupe mpya ya transista. Karatasi ya mika chini yake isichanike; ikichanika ni shoti.

Vitufe na swichi vipulizie dawa ya kusafishia swichi, kisha zungusha kila kimoja mara 30. Mafuta ya kulegezea nati zenye kutu si dawa hiyo. Yanaacha utando unaokusanya vumbi.

5. Balbu

Chukua balbu ya zamani ya waya, wati 100, volti 230. Ya LED haifai. Iunge kwenye waya wa moto kabla ya transfoma ya kushusha, ili umeme wote upite kwenye balbu kwanza. Spika zisiwepo, waya za muziki zisiwepo.

Washa. Balbu itawaka kwa nguvu kwa kama sekunde moja, kapasita zikijaa, kisha itafifia hadi uwekundu hafifu. Hiyo ni afya. Ikibaki inawaka kama taa ya sebuleni, zima: kuna shoti, na balbu imekuokolea transfoma. Ikififia kisha ikaanza kupanda polepole, kuna kitu kinachopata moto, zima pia. Rilei ya spika isipolia "tak" kwenye hatua hii usihangaike, kwa kuwa volti ni pungufu.

Iache dakika 15. Kama haina moshi, harufu wala joto la ajabu, toa balbu na uwashe moja kwa moja.

6. Vipimo viwili

Cha kwanza ni umeme wa DC (ule wa mwelekeo mmoja) kwenye matundu ya spika. Multimita kwenye milivolti za DC, nyekundu kwa chanya, nyeusi kwa hasi, bila spika. Chini ya 20 ni nzuri sana. Hadi 50 inakubalika. Ikizidi 100, kuna kazi ya kufanya kabla ya kuunga spika yoyote unayoipenda, kwa sababu umeme huo unasukuma koili upande mmoja muda wote na kuipasha moto.

Cha pili ni umeme wa kusubiri wa transista kubwa. Tafuta rezista nyeupe za saruji zilizo karibu nazo, mara nyingi za ohm 0.22 hadi 0.47, upime milivolti kati ya ncha zake. Milivolti 20 kwenye 0.22 ni kama miliampea 91. Kiwango sahihi kinatoka kwenye kitabu cha ufundi cha modeli yako, wala usibahatishe. Subiri dakika 20 ipate joto, kisha zungusha trima (rezista ndogo ya kurekebisha kwa bisibisi) kwa robo ya robo. Trima yenyewe ikiwa na kutu, usiiguse kabla ya kuweka mpya: kwenye saketi nyingi, ikipoteza mguso hata kwa sekunde, umeme wa kusubiri unapanda hadi mwisho na transista zinakwenda.

7. Spika na muziki

Anza na spika ile ya bei rahisi. Ikicheza saa nzima bila tatizo, leta za kweli. Zipime kwanza: spika ya ohm 8 husoma 6 hadi 7 kwenye multimita. Ukiwasha A na B pamoja zikiwa zote za ohm 8, amplifaya inaona 4. Soma nyuma kama inaruhusiwa. Waya wa milimita za mraba 2.5 unatosha hadi mita 10. Kata ncha na uikwangue kwa kisu: ikiwa nyeupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Nyuzi zote zisokotwe. Unywele mmoja unaogusa tundu la jirani ni shoti.

Amplifaya isiyo na kitufe cha volyumu haiungwi moja kwa moja na kifaa kisichopunguza sauti. Weka priamplifaya (kifaa chenye kitufe cha volyumu) kati yao. Na ikiwa ni ile yenye vitufe vyote, angalia nyuma matundu ya "PRE OUT" na "MAIN IN": vile vyuma vidogo vinavyoyaunganisha visipokuwepo, haitatoa sauti hata chembe, na wengi huirudisha dukani kwa sababu hiyo tu. Vipande viwili vya waya wa RCA vinamaliza kazi.

Acha nafasi ya sentimita 15 juu yake, bila kitambaa cha kudarizi. Washa chanzo cha muziki kwanza na amplifaya mwisho. Kuzima anza na amplifaya. Inveta ya sola ya bei rahisi, ile isiyotoa wimbi laini, itaifanya transfoma ivume. Umeme ukikatika, zima kwenye swichi, au funga kifaa cha kulinda friji chenye kuchelewesha dakika chache, kwa sababu umeme unaporudi hurudi kwa kuruka. Baada ya wiki mbili pima tena milivolti za kwenye matundu ya spika.