Kava za Drum za zamani ukutani, fanya hivi
Kama umepata Drum za zamani, lile jarida lililoanzia Afrika Kusini mwaka 1951, tafadhali usichane kava kwa mkono! Fungua katikati, nyanyua miguu ya pini kwa kisu butu, kava itatoka nzima, na pini zikiwa na kutu ndo uende taratibu zaidi maana karatasi pale imeshaliwa, ukivuta kidogo tu inakatika kama chapati kavu. Selotepu usiguse kabisa, inaacha madoa ya njano hayatoki. Laminesheni pia hapana. Kwenye fremu zungushia kadibodi isiyo na asidi ili kioo kisigusane na karatasi, hasa huku pwani kwenye unyevu. Tundika mbali na jua. Mi napenda tatu tatu, mstari mmoja.