Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuchambua Msimamo wa Mwandishi wa Insha

Soma swali la mtihani kabla ya insha, kisha usome insha nzima mara mbili kabla ya kuandika chochote. Mara ya kwanza usipige mstari popote. Mara ya pili pigia mstari maneno ambayo mwandishi angeweza kuyakwepa lakini hakuyakwepa. Jua insha iliandikwa lini na ililengwa kwa nani. Majina ya mbinu za lugha uwe umekwisha kuyajua: takriri (kurudia neno kwa makusudi), sitiari (kulinganisha bila neno “kama”), tashbihi (kulinganisha kwa “kama”), kinaya (kusema kinyume cha unachomaanisha), swali la balagha (swali lisilohitaji jibu), pamoja na zile njia tatu za ushawishi alizozieleza Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, yaani hadhi ya msemaji, hisia za msikilizaji na mantiki ya hoja.

Jambo ambalo watu hulipuuza, nami nililipuuza, ni hili: usitaje mbinu hata moja kabla hujaweza kueleza kwa sentensi moja mwandishi anahisi nini, juu ya nani, na kwa sababu gani. Katika mtihani mmoja wa majaribio tulipewa insha ya Jonathan Swift, mwandishi wa Ireland, ya mwaka 1729, ile inayopendekeza kwamba watoto wa maskini wa Ireland wauzwe wakitimiza mwaka mmoja ili wawe kitoweo cha matajiri. Nilikitambua kinaya papo hapo, nikajiona nimefika. Nilijaza kurasa 4 kwa mbinu 11, kila moja na mfano wake, na kuhusu msimamo nikaandika kwamba mwandishi ana msimamo wa kejeli. Karatasi iliporudi, pembeni mwa karibu kila aya mwalimu alikuwa ameandika maneno mawili tu, “Kwa hiyo?”, na penye neno kejeli aliongeza: “Hiyo ni silaha. Amemkasirikia nani?” Alama zenyewe sizitaji.

Niliirudia insha ile nikiwa na swali hilo peke yake. Msemaji wake, yaani mhusika aliyebuniwa na Swift ili aitoe hoja, ni mtu mtulivu anayependa hesabu: watoto 120,000, kati yao 20,000 wabakizwe kwa ajili ya uzazi na 100,000 wauzwe, mnunuzi atoe shilingi 10, malezi yagharimu shilingi 2, mama abaki na faida ya shilingi 8. Akina mama anawazungumzia kwa msamiati wa mifugo, wala sauti yake haipandi hata kidogo. Ukimchukulia huyo kuwa ndiye Swift, umepotea mapema. Lakini ukiishia kusema kwamba Swift anamkejeli, bado hujajibu swali. Jibu limejificha karibu na mwisho, pale msemaji anapokataa kuambiwa habari za njia nyingine, kisha yeye mwenyewe anaziorodhesha: kuwatoza kodi wenye mali wanaoishi nje ya nchi, kutumia nguo na samani zilizotengenezwa nyumbani, wenye ardhi kuwaonea wapangaji wao walau huruma kidogo. Sasa, mwaka 1720 Swift huyohuyo alikuwa ametoa kijitabu akiwahimiza watu wa Ireland, bila mzaha, watumie bidhaa zao wenyewe. Kwa hiyo orodha ile ni mapendekezo ya kweli yaliyopuuzwa, na hasira yake, ingawa inawaangukia watawala wa Uingereza na wenye ardhi, inawagusa pia wananchi wenzake. Ni hasira ya mtu aliyechoka kusema bila kusikilizwa. Ukishaandika sentensi hiyo, mbinu zinapata kazi: hesabu inaonyesha jinsi wenye nguvu walivyozoea kuwapima maskini, na utulivu wa sauti unamlazimisha msomaji aione hasira ambayo msemaji haionyeshi.

Mengine ni ya tahadhari. Tafuta mahali ambapo sauti inageuka, mara nyingi baada ya “lakini” au “hata hivyo”, kwa sababu mwandishi makini hakai na hisia moja mwanzo hadi mwisho. Chagua mbinu 3 uzichambue hadi mwisho, uziache zile 8 zinazokutamanisha. Nukuu maneno machache, si aya nzima. Kila unapoandika “ametumia”, jiulize ameitumia kufanya nini, na kama huna jibu futa sentensi hiyo. Usiseme mwandishi ana huzuni kwa sababu tu wewe umehuzunika. Na kama unasoma tafsiri, kuwa mwangalifu unapochambua mdundo wa sentensi au uteuzi wa neno mojamoja, kwani huenda unamsifu mfasiri; shikilia mpangilio wa hoja, mifano na hesabu, ambavyo kwa kawaida huvuka salama kutoka lugha moja hadi nyingine.