Kazi ya kupambana na ukatili wa kijinsia Tanzania: namna ya kuingia, kushika kesi na kuifikisha mwisho

Kesi nyingi za ubakaji na vipigo vya nyumbani hazifii mbele ya hakimu. Hufia njiani: kati ya nyumbani na hospitali, kati ya polisi na ustawi wa jamii, kati ya tarehe moja ya kuahirishwa na nyingine. Anayetaka kuifanya kazi hii kwa miaka mingi ajifunze kwanza njia hiyo, maana kazi yake kubwa ni kumvusha manusura kutoka mlango mmoja hadi mwingine bila kumwacha katikati. Maelezo haya ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za jinai, ushahidi na watoto, ingawa mengi ya kiutendaji yanafanana.

Pa kuingilia

Ukitaka kushika mashauri mwenyewe, njia iliyonyooka ni ustawi wa jamii. Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo Kijitonyama, Dar es Salaam, inafundisha kuanzia cheti hadi shahada. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, afisa ustawi wa jamii ana mamlaka ambayo mtu wa shirika hana: anaweza kuingilia kati kumlinda mtoto aliye hatarini na kuandika taarifa ya kijamii ambayo mahakama inaitegemea. Maafisa maendeleo ya jamii, wanaosomea Tengeru kule Arusha au vyuo kama Buhare na Misungwi, hufanya zaidi kazi ya kinga vijijini na mitaani. Muuguzi na tabibu wanafika katika kazi hii kwa kupitia wodi na kliniki. Dawati la Jinsia na Watoto haliombwi moja kwa moja. Unaingia Jeshi la Polisi kwanza, ndipo unapangwa. Mwanasheria atahitaji shahada na kisha mafunzo ya uanasheria kwa vitendo kabla ya kusimama mahakamani.

Kuna pia wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Msaidizi wa kisheria anaelimisha, anaelekeza na kusindikiza. Hamwakilishi mtu mahakamani na hatozi ada. Wapo wanaoivuka mipaka hiyo kwa nia njema, na wakili wa upande wa pili huifurahia sana nafasi hiyo.

Kabla ya kulipa ada ya chuo, tunashauri ujitolee walau miezi sita katika kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa au kata yako. Kamati hizi zilianzishwa chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza mwaka 2017/18. Peleka barua kwa mtendaji wa kata, na onana na afisa maendeleo ya jamii. Miezi hiyo itakuonyesha kama unaweza kukaa na mtu anayelia bila kumkatiza, na kama unaweza kunyamaza sokoni juu ya uliyoyasikia asubuhi. Asiyeweza la pili asiingie kabisa.

Ukiomba ajira kwenye shirika, uliza mambo matatu siku ya usaili. Je, kuna msimamizi anayekaa na wafanyakazi kuzungumzia mashauri? Je, kuna fungu la nauli za manusura na mashahidi? Na mradi ukiisha, mashauri yaliyo wazi yanakabidhiwa kwa nani? Shirika lisilo na jibu la swali la tatu huwaacha watu na kesi zilizokatikia katikati.

Ramani kabla ya kesi ya kwanza

Wiki ya kwanza kazini tembea, usikae ofisini. Andika daftarini ni kituo gani cha afya kina dawa za kinga dhidi ya VVU usiku na Jumapili, nani anashika ufunguo wa kabati, dawati la jinsia linafunguliwa saa ngapi, afisa ustawi wa zamu ni nani, nyumba salama ya karibu iko wapi na inapokea watoto wa kiume wa umri gani. Uliza kama hospitali ya wilaya au mkoa ina kituo cha mkono kwa mkono, kama kilichopo hospitali ya Amana, Dar es Salaam, ambako tabibu, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana mahali pamoja. Kwa mashauri ya watoto, namba 116 hupigwa bure.

Andaa na mfuko wa dharura: khanga mbili, nguo za ndani mpya za saizi tofauti, pedi, maji, bahasha za kaki zisizopungua kumi, kalamu ya wino usiofutika, na nauli ya watu wawili kwenda na kurudi. Bahasha ziwe za karatasi. Nguo yenye unyevu ikiwekwa kwenye mfuko wa plastiki inaota ukungu na vielelezo vya kibaolojia vinaharibika.

Saa 72 baada ya kubakwa

Saa ndizo zinazoamua mengi hapa. Dawa za kinga dhidi ya VVU zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Zinamezwa siku 28 mfululizo. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120, na mapema ni bora. Zaidi ya hayo kuna tiba ya magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini B, na pepopunda kama kuna jeraha. Kwa hiyo mtu aliyefika kwako saa ya 70 apelekwe hospitali kwanza, maelezo marefu yatafuata.

PF3 ndiyo inayokwamisha wengi. Ni fomu ya polisi anayojaza tabibu, na ni muhimu kwa kesi, lakini matibabu ya dharura hayapaswi kuisubiri. Mhudumu akimrudisha manusura kwa kukosa PF3, omba kwa upole na kwa msimamo aonane na mganga mfawidhi, huku mwenzako mmoja akiifuata fomu polisi. Hiyo ni sababu mojawapo ya kutokwenda peke yako.

Mwambie asioge, asijisafishe sehemu za siri wala asifue nguo kabla ya uchunguzi. Kama ameshaoga usimlaumu, na bado apelekwe. Dawa zinamhusu vilevile. Kila vazi liingie kwenye bahasha yake, liandikwe tarehe, saa na jina la aliyelipokea, kisha likabidhiwe polisi kwa maandishi. Kila anayelishika baadaye lazima aonekane kwenye orodha hiyo, la sivyo mshtakiwa atauliza lilikuwa wapi siku tatu, na atakuwa na haki ya kuuliza.

Mazungumzo ya kwanza yawe mafupi. Mweke mahali pasipo na masikio, kaa chini usawa naye, na sema jambo kama hili: "Pole sana, dada. Hapa tuko sisi wawili tu. Kilichotokea si kosa lako. Tutakwenda hatua kwa hatua, na ukitaka tusimame tutasimama." Uliza unayoyahitaji kwa usalama na tiba: ameumia wapi, ilikuwa saa ngapi, aliyemfanyia yuko wapi sasa, nyumbani kuna watoto? Usiulize alivaa nini wala kwa nini hakupiga kelele. Mwili wa mtu aliyeshikwa na hofu kuu unaweza kuganda kabisa, na swali hilo humfanya ajihisi ndiye anayeshtakiwa.

Andika jambo moja kwa uangalifu mkubwa: alimwambia nani kwanza, lini, na alimtaja nani. Mahakama zetu huupa uzito ushahidi wa mtu aliyemtaja mtuhumiwa mapema. Jirani aliyefunguliwa mlango saa nne usiku anaweza kuwa shahidi muhimu kuliko mtu mwingine yeyote mtaani.

Akiwa mtoto, usimhoji mara tano. Swali liwe wazi: "Niambie kilichotokea." Ukimuuliza "Baba mdogo alikushika hapa?" umeshamwekea jibu mdomoni. Tumia maneno yake mwenyewe kwenye maandishi, hata kama ni ya kitoto. Usiyageuze kuwa lugha ya sheria.

Mke anayepigwa nyumbani

Mashauri haya ni mengi kuliko ya ubakaji na ndiyo yanayochosha zaidi, kwa sababu mtu huondoka, hurudi, huondoka tena. Hiyo ni kawaida yake. Ukimkasirikia anaporudi, hatakuja mara nyingine, na mara hiyo nyingine inaweza kuwa ya mwisho.

Pima hatari kwanza. Ishara zinazotutisha kuliko nyingine ni hizi: amewahi kukabwa koo, ametishiwa kuuawa, kuna panga au bunduki ndani, vipigo vimezidi miezi ya karibuni, ana mimba, mume anamfuatilia kila anakokwenda, au mke mwenyewe ametangaza kwamba anaondoka. Aliyekabwa koo apelekwe hospitali hata kama shingo haina alama. Sauti kukwaruza na shida ya kumeza ni dalili za uvimbe wa ndani unaoweza kuziba pumzi saa kadhaa baadaye. Wakati wa kuondoka ndio hatari zaidi, kwa hiyo usimwambie mtu "ondoka leo" kama hujui atalala wapi usiku.

Mpango wa usalama hupangwa naye, si kwa ajili yake. Neno la siri na jirani. Mlango upi wa kukimbilia, na kuepuka jikoni penye visu. Vitu vya kuhifadhi kwa mtu anayemwamini: kitambulisho cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, cheti cha ndoa, dawa, nauli. Usisahau simu. Abadili namba ya siri ya pesa za simu na aangalie kama WhatsApp yake imeunganishwa na kifaa kingine, maana wanaume kadhaa wamewapata wake zao mafichoni kwa njia hiyo. Mpango usiandikwe kwenye karatasi atakayorudi nayo nyumbani.

Bara haina sheria moja mahsusi ya ukatili wa majumbani, lakini mkono wa sheria upo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Kanuni ya Adhabu ina makosa ya shambulio na kujeruhi. Anayetaka talaka hupitia baraza la usuluhishi la ndoa, na wewe umwandae kwa kikao hicho, kwani mabaraza mengine humshinikiza avumilie. Mwambie pia kwamba tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1983, kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango katika mali ya ndoa. Wanawake wengi huganda kwenye ndoa za kipigo kwa kuamini watatoka mikono mitupu.

Kuilinda kesi isife

Adui mkubwa ni kumalizana. Familia mbili zinakaa, mbuzi anatolewa au fedha, mtoto anahamishiwa kwa bibi mkoa mwingine, na siku ya kesi shahidi haonekani. Ubakaji ni jinai. Mzazi, balozi wala mtendaji hana mamlaka ya kuufuta. Waeleze hivyo mapema, ndani ya wiki ya kwanza, kabla fedha haijatajwa. Kwa kawaida adhabu ya kubaka haipungui miaka 30, na aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10 hufungwa maisha. Ndiyo maana upande wa pili uko tayari kulipa.

Kisha kagua makosa madogo yanayoangusha kesi kubwa. Tarehe ya hati ya mashtaka ilingane na ya ushahidi. Zikipishana bila hati kurekebishwa, mshtakiwa anaweza kuachiwa. Umri wa mtoto uthibitishwe kwa cheti, mzazi au tabibu. Mtoto mdogo aahidi mahakamani kusema kweli na kutosema uongo, na ahadi hiyo iandikwe kwenye mwenendo wa kesi. Isipoandikwa, ushahidi wake unaweza kufutwa huko juu katika rufaa. Nawe hupangi hayo, lakini unaweza kumkumbusha mwendesha mashtaka kwa heshima kabla ya kusikilizwa.

Mweleze manusura kwamba ushahidi katika makosa ya kujamiiana husikilizwa faragha. Mpeleke aione mahakama siku isiyo ya kesi, aone kizimba, aone atakaposimama. Piga simu siku tatu kabla ya kila tarehe, na tena jioni ya kuamkia kesi. Nauli ya shahidi iwe mkononi mwake kabla ya alfajiri. Mambo haya madogo yameokoa kesi nyingi kuliko hotuba zozote za kampeni ya kupinga ukatili kila Desemba.

Siri na afya yako

Faili liwe na namba badala ya jina, na daftari linalounganisha namba na majina lifungiwe kabati tofauti. Picha za majeraha hazitumwi kwenye kundi la WhatsApp la kamati, hata kama mwenyekiti ameomba. Mtaani kwetu taarifa hufika kwa mtuhumiwa kabla ya jua kuzama, na manusura akijua ni wewe uliyeitoa hatakuja tena, wala dada yake hatakuja.

Wewe mwenyewe utaanza kubeba unayoyasikia. Dalili zinajulikana: usingizi unakatika, unakasirika haraka nyumbani, au unasikiliza habari ya mtoto aliyelawitiwa bila kuhisi chochote. Hiyo ya mwisho tunaihofia zaidi, maana mtu huyo huanza kufanya kazi kwa haraka na ukali. Omba kikao na msimamizi walau mara mbili kwa mwezi, cha kuzungumza mashauri yanayokuelemea, tofauti na kikao cha takwimu. Baada ya shauri la kifo au la mtoto mdogo sana, usipokee jipya siku hiyohiyo kama kuna mwenzako wa kulishika. Namba yako binafsi usiigawe ovyo. Ofisi iwe na simu ya zamu inayozunguka kwa wiki, ili usiku wa manane apatikane mtu wa kuipokea aliyelala jana yake.