Somo: Gitaa, kuanzia kulishika hadi kupiga na wenzako

Maswali mawili yananifuata kila mara: "Nianzie wapi?" na "Nitawapata wapi watu wa kupiga nao?" Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka, kwa hiyo naandika yote hapa na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku. Msimamo wangu nautoa mapema: usisubiri uive ndipo utafute wenzako. Kodi nne (kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) na mapigo yasiyoyumba vinatosha kukaa na watu, na mengi yaliyobaki utayapata ukiwa nao.

Hatua ya 1: Gitaa. Lolote lenye shingo iliyonyooka na nyuzi zisizokaa juu sana. Nailoni ni laini kwa vidole, chuma husikika zaidi kwenye kundi. Chagua moja, tuendelee.

Hatua ya 2: Kutyuni, yaani kukaza au kulegeza nyuzi hadi kila mmoja utoe sauti yake. Kila unapolishika, bila kukosa. Kuanzia uzi mnene wa 6 hadi mwembamba wa 1: E, A, D, G, B, E. Programu ya simu inatosha, ila hakikisha imewekwa A = 440 Hz. Sikio nalo lizoeze: uzi wa 6 ukibonyezwa freti ya 5 (freti ni nafasi kati ya vyuma vya shingoni, zahesabiwa kutoka kichwani) utoe sauti ileile ya uzi wa 5 ukiwa wazi, yaani bila kubonyezwa, na hivyo hivyo ukishuka, isipokuwa uzi wa 3, ambao hubonyezwa freti ya 4 kuupata wa 2.

Hatua ya 3: Kodi za mwanzo. Em, G, C, D, Am. Huitwa kodi za wazi, kwa kuwa baadhi ya nyuzi hazibonyezwi. Bonyeza kwa ncha ya kidole, nyuma kidogo ya chuma cha freti. Kisha piga uzi mmoja mmoja usikie upi umezibwa na kidole cha jirani.

Hatua ya 4: Kubadilisha kodi bila kusimama. Hapa soma taratibu, maana hapa ndipo wengi wanaharibikiwa na hawajui kama wameharibikiwa.

Mtu akijifunza peke yake chumbani hupiga G vizuri, kisha anasimama nusu sekunde apange vidole, halafu anapiga C. Peke yake haisikiki kama kosa, kwa sababu wimbo unamsubiri. Akirudia hivyo miezi kadhaa, ile nusu sekunde inakuwa sehemu ya upigaji wake. Siku anayokaa na mpiga ngoma, hakuna anayemsubiri: kwenye badiliko la kwanza kachelewa, kwenye la tatu kapotea kabisa.

Dawa yake ni hii. Weka metronomu (kifaa au programu ya simu inayogonga mapigo sawasawa) kwenye mapigo 60 kwa dakika. Mapigo manne Am, mapigo manne C, rudia. Nimechagua hizo mbili makusudi: kidole cha shahada na cha kati havihami kabisa, ni cha pete tu kinachotoka uzi wa 3 freti ya 2 kwenda uzi wa 5 freti ya 3. Mkono unaopiga nyuzi usisimame kwa sababu yoyote. Vidole visipowahi pigo la kwanza, piga nyuzi wazi, kisha ingia na kodi kwenye pigo la pili. Itasikika vibaya, iache isikike vibaya. Ukiona unachelewa kila mara, anza kuinua vidole mara tu baada ya pigo la nne; nyuzi wazi zikisikika hapo katikati, hakuna msikilizaji atakayejali.

Tahadhari tatu:

- Usipunguze mwendo kwenye sehemu ngumu na kuongeza kwenye rahisi. Punguza wimbo mzima.
- Usipandishe metronomu hadi upige dakika mbili mfululizo bila mkono kusimama. Kisha panda kwa mapigo 4 au 5, si 20.
- Ncha za vidole kuuma ni kawaida. Kiwiko au kifundo cha mkono kikiuma, acha, pumzika, angalia unavyokaa. Maumivu hayo hayazoeleki.

Hatua hii isipokaa, usiruke.

Hatua ya 5: Zijue kodi kwa namba. Waliopita kwenye kwaya hapa wana faida. Do ni 1, fa ni 4, so ni 5, la ni 6. Kwenye ufunguo wa G, yaani do ikiwa G: 1 ni G, 4 ni C, 5 ni D, 6 ni Em. Kwenye C: C, F, G, Am. Mtu akikwambia "ni 1, 5, 6, 4", unapiga wimbo usiowahi kuusikia, na mwimbaji akihamisha ufunguo huanzi upya.

Hatua ya 6: Kuwapata watu. Anza na waliokaribu: kwaya, wanafunzi wa mwalimu mmoja, mfanyakazi mwenzako mwenye kinanda kinachokusanya vumbi. Wakikosekana, weka tangazo, nalo liwe na mambo manne: unapiga nini, uko wapi kiujuzi, nyimbo za aina gani, siku zipi una nafasi. "Natafuta wanamuziki serious" halimwambii mtu kitu. Jaribu hivi: "Napiga gitaa, kodi za wazi, mapigo yangu yametulia, solo bado. Napenda rumba na nyimbo za taratibu. Jumamosi alasiri. Natafuta mwimbaji au mpiga besi wa kiwango hichohicho." Tangazo kama hilo linajibiwa, kwa sababu yule anayeogopa kuwa hajafika anajiona ndani yake. Na mtu usiyemjua, mkutane kwanza mahali pa watu.

Hatua ya 7: Kikao cha kwanza. Nyimbo tatu tu, zimekubaliwa mapema pamoja na ufunguo wake. Wote mtyuni kwa kifaa kimoja. Mmoja ahesabu "moja, mbili, tatu, nne", na mwendo uwe ule aliohesabu. Kubalianeni wimbo unavyoisha. Vikundi vichanga huanza vizuri na kuisha kwa kutazamana. Usipomsikia mwimbaji, wewe una kelele. Msitoke kabla ya kupanga siku nyingine.

MASWALI

Swali: Mkuu, gitaa gani ni zuri kwa anayeanza?

Jibu: Hatua ya 1.

Swali: Nina harusi ya dada yangu baada ya wiki mbili, nataka nipige. Nipe njia ya mkato.

Jibu: Sina. Chagua wimbo mmoja wa kodi mbili, fanya hatua ya 4 kila siku, na kuimba mwachie mtu mwingine.

Swali: Gitaa langu ni la nailoni, nimeweka nyuzi za chuma ili lisikike. Kuna shida?

Jibu: Legeza sasa hivi, usimalize hata kusoma. Gitaa la nailoni halikujengwa kwa mvuto wa chuma. Kile kibao kinachoshika nyuzi kwenye tumbo kinaweza kung'oka, na shingo inaweza kupinda. Rudisha nailoni.

Swali: Samahani kwa swali refu. Mwimbaji wetu sauti yake inakaa vizuri kwenye B-flat. Sisi wawili wa gitaa tunajua kodi za wazi tu. Tumwombe ahame?

Jibu: Asihame hata kidogo, dada. Ufunguo ni wa mwimbaji, magita ndiyo yanayomfuata. Weka kepo (kibanio kinachobana nyuzi zote shingoni) freti ya 3, piga kama uko kwenye G: utasikika B-flat. Na kwa kuwa mko wawili, mwenzako aweke kepo freti ya 1, apige kama yuko kwenye A. Naye atasikika B-flat, lakini kodi zake zina mpangilio tofauti wa sauti, kwa hiyo magita mawili yanajaza nafasi badala ya kukanyagana. Bendi za rumba zinaijua sana hesabu hii ya kugawana nafasi: gitaa la ridhimu linashika chini, la solo linacheza juu, na la mi-solo linaziba katikati. Mkishazoea, mmoja wenu apige nyuzi tatu nyembamba peke yake, msikilize tofauti.

Swali: Kwa hiyo unasema solo haina maana? Mimi nimejifunza solo kwanza na napiga vizuri.

Jibu: Sijaandika hivyo popote. Nimeandika mapigo kwanza. Kama solo yako inakaa kwenye mapigo, hongera, nenda hatua ya 6. Kama hujawahi kuipiga na metronomu, huna jibu bado.

Swali: F inanishinda. Nyuzi zote sita kwa kidole kimoja hazitoi sauti.

Jibu: Umeanzia mahali pagumu zaidi. Karibu na kichwa cha gitaa nyuzi ni ngumu kubonyeza. Fanya umbo hilohilo freti ya 5, ambako linatoa A, kisha rudi nyuma freti moja moja kwa wiki kadhaa. Lalisha kidole kwa ubavu wake, si kwa tumbo. Kwa sasa piga F fupi, ya nyuzi nne nyembamba tu, kwenye kundi hakuna atakayekulaumu.

Swali: Nina miaka 52. Wenzangu watakuwa vijana watupu, nitawachosha?

Jibu: Mzee wangu, kikundi kinamtafuta anayefika kwa wakati na anayesikiliza. Vidole vitachelewa kidogo, sikio lako limesikiliza muziki miaka mingi kuliko lao. Weka tangazo, na useme umri kama unapenda.

Mwanachama mwingine anaongeza: Sisi tunarekodi kila kikao kwa simu, tunaiweka mbali na magita, karibu na mwimbaji. Tukisikiliza tunajua nani anakimbia.

Jibu: Hilo ni zuri, liigeni. Na mkimaliza kikao futeni jasho kwenye nyuzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini ya uzi. Nyuzi za chuma zenye kutu hukwaruza vidole na hazishiki tyuni. Mfukoni uwepo uzi wa 1 wa akiba, maana ndio mwembamba kuliko zote na mara nyingi ndio unaotangulia kukatika.