Nyama choma Mbeya: anzia buchani

Mimi ni mchomaji, na mgeni akiniuliza ale wapi Mbeya, simtajii baa. Namwambia azunguke Mwanjelwa, Kabwe au Soweto kuanzia saa kumi na moja jioni, atafute mahali penye bucha na jiko pamoja. Nyama uione inaning'inia, uchague mwenyewe, ipimwe ukiwa umesimama mbele ya mizani.

Kwa mbuzi, omba mbavu na kipande cha paja. Mbavu zina mafuta, hazikauki upesi. Paja peke yake likiharakishwa linakuwa gumu. Halafu tazama moto: mkaa uwe umeshika vizuri na kuvaa majivu, usiwe unawaka ndimi. Mbuzi mbichi hawezi kuiva kwa dakika kumi. Akikujia haraka hivyo, ujue alichomwa mapema, amepashwa tu. Chumvi na ndimu vinamtosha. Viungo vingi vinanitia shaka.

Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, kina majiko yake, waulize wenyeji. Ndizi agiza za Tukuyu.

Juni na Julai baridi ya huku ni kali, mafuta yanaganda kwenye sahani. Kaa karibu na jiko, umwombe mchomaji akukatie kidogo kidogo.